Tunamsifu Haji, Kisha Tunampita

Wahenga walinena kwamba biashara haigombi. Nakubaliana nao. Lakini kila likizo tangu nikiwa darasa la nne nimekuwa nikikaa nyuma ya kaunta ya duka la mjomba wangu huko Mumias, na nimejionea kwamba hata kama biashara haigombi na wateja, yaweza kugombana na dhamiri ya mwenye duka. Ugomvi huo ndio ninaotaka tuujadili katika kurasa hizi. Je, Mwislamu mwenye duka, ambaye dini yake imemkataza kuuza pombe, afanyeje katika soko ambalo pombe ndiyo inayovuta wateja?

Najua baadhi yenu tayari mnasema, "Kwani hilo ni swali? Si aache tu kuuza!" Laiti mambo yangekuwa rahisi kiasi hicho! Tulizeni roho kidogo, tutembee pamoja mpaka dukani.

Kwanza, kwa wale wanaodhani Waislamu ni watu wa Mombasa na Lamu peke yao, wacha niwatoe gizani. Uislamu ulifika Mumias katika karne ya 19, ulipoletwa na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani waliopokewa na Wawanga. Nabongo Mumia mwenyewe, aliyefariki mwaka 1949, alisilimu. Kwa hivyo mjomba wangu ni Mluhya na ni Mwislamu, kama alivyokuwa baba yake. Majirani zake wengi ni Wakristo, na wengi wao ni ndugu zake wa damu. Watu humwita Haji, ingawa Maka hajafika hata siku moja. Akiulizwa, hucheka na kusema kwamba jina limetangulia na nauli itafuata.

Siku moja, nikiwa napima sukari, alikuja kijana nadhifu mwenye daftari, ajenti wa vinywaji. Alitazama duka, akatazama barabara, kisha akasema, "Haji, hapa ulipo ni pahali pazuri sana. Kata leseni, mimi nakuletea kreti. Friji nitakutafutia. Mteja akija kwa bia atanunua pia mkate, maziwa na kadi ya simu. Miezi sita tu, utanishukuru."

Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kijana wangu, maneno yako ni ya kweli yote. Faida ipo. Lakini nikishaipata, nitaipeleka wapi?"

Ajenti alicheka, akanywa soda yake, akaenda zake. Haukupita mwaka, duka la pili kutoka kwetu lilikata leseni. Leo jioni zikifika, kule kumejaa watu, na kwetu unaweza kuhesabu nzi ukutani.

Jibu la mjomba limenikaa kichwani kwa sababu hakusema pombe haina faida. Nimekuja kufahamu baadaye kwamba hata Kurani haikusema hivyo. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 219, Kitabu kinakiri kwamba katika ulevi na kamari kuna manufaa kwa watu, ila dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Wafasiri wengi wa aya hiyo husema kwamba miongoni mwa manufaa hayo ni faida ya biashara. Katazo kamili lilikuja katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na 91. Imepokewa kwamba siku hiyo watu wa Madina waliimwaga mitaani pombe waliyokuwa nayo. Hebu fikiria, msomaji: ile iliyomwagwa ilikuwa mali. Kuna aliyeinunua kwa fedha zake. Katazo lilikuwa na gharama tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyejidai kwamba ni bure.

Tena katazo halikuishia kwa mnywaji. Iko hadithi mashuhuri ya Mtume, iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah, inayotaja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe. Mnywaji ni mmoja tu kati yao. Wengine ni kama vile mwenye kuikamua, mwenye kuibeba, mwenye kubebewa, mwenye kuimimina, mwenye kuiuza, na hata yule anayekula thamani yake. Kwa hivyo yule anayesema, "Mimi sinywi, nauza tu," hajapata pa kujificha.

Sheria ya nchi, kwa upande wake, haimzuii. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo watu waliizoea kwa jina la Sheria ya Mututho, inamtaka muuzaji awe na leseni, asimuuzie aliye chini ya umri wa miaka 18, na baa isiwe chini ya mita 300 kutoka shuleni. Haikuuliza dini ya mtu. Siku hizi leseni hutolewa na kaunti. Mahakama za Kadhi nazo, chini ya Kifungu cha 170 cha Katiba, zinashughulikia ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu kwa Waislamu waliokubali kwenda huko. Haziwezi kumtoza Haji faini kwa kuweka bia kwenye rafu. Kuna nchi ambazo serikali yenyewe imepiga pombe marufuku, na mwenye duka huko hana la kuchagua. Hapa Kenya anachagua mwenyewe, kila asubuhi anapofungua mlango, bila askari kumchunga. Kwangu mimi, hapo ndipo heshima yake inapoanzia.

Hata hivyo, kuna njia za mkato, na ni lazima tuzitaje maana zipo. Wa kwanza hukodisha chumba cha nyuma kwa mwenye baa, kisha husema, "Mimi napokea kodi tu." Wa pili huingia ubia na rafiki wa dini nyingine, leseni ikaandikwa jina la rafiki, lakini faida ikagawanywa nusu kwa nusu. Wa tatu humwajiri kijana asiye Mwislamu asimame upande wa chupa, yeye mwenyewe akae upande wa unga na tasbihi mkononi. Jamani, tunamdanganya nani? Ikiwa mlaji wa thamani yake ametajwa miongoni mwa wale kumi, basi kubadilisha jina kwenye karatasi hakubadilishi kitu. Mtu anayeuza waziwazi na kukiri kwamba ameshindwa na tamaa au na shida, huyo namhurumia, na huenda kesho akaacha. Lakini huyu wa pazia amejifunga macho mwenyewe, na aliyejifunga macho haoni njia ya kurudi.

Hapa nataka kuweka mpaka mmoja. Simzungumzii kijana wa Kiislamu aliyepata kibarua katika supamaketi, akaambiwa akae kwenye mashine ya kulipia, na chupa zikawa zinapita mbele yake pamoja na sabuni na mchele. Najua kwamba wapo wanazuoni wasiomruhusu. Mimi mdomo wangu ni mzito kumhukumu. Mwenye duka ana uwezo wa kupanga rafu zake, karani hana. Akipata kazi nyingine na aende, lakini tusimtupie mawe na ilhali hatukumtafutia hiyo nyingine.

Sasa tufike kwenye jambo gumu, lile lililonifanya niandike makala haya.

Mumias ni nchi ya miwa. Kiwanda kikubwa cha sukari kilianza kusaga mwaka 1973, na hata kilipolemewa na madeni na kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, miwa haikuisha mashambani. Viwanda vidogo vya sukari nguru vimejaa kote magharibi. Sukari nguru ni chakula kizuri. Bibi yangu huitia kwenye uji. Lakini kila mtu anayeishi huko anajua kwamba sukari nguru ikitiwa maji na hamira, ikaachwa siku kadhaa, inakuwa kangara, na kangara ikipikwa na mvuke wake kukusanywa, inakuwa chang'aa. Na kimea cha wimbi, ambacho nacho kinauzwa dukani, ndicho kinachoumua busaa. Sasa niambie: Haji aliyekataa kreti za bia, na huku anauza sukari nguru, hamira na kimea, ameepuka pombe au ameipitisha mlango wa nyuma?

Swali hili si geni. Wanazuoni wa zamani walilijadili kwa mfano wa zabibu. Je, mkulima wa zabibu anaruhusiwa kumuuzia mtu anayetengeneza mvinyo? Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika Afrika Mashariki, wanatenganisha kudhani na kujua. Ukidhani tu kwamba mnunuzi atafanya mvinyo, kumuuzia ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza. Ukijua kwa yakini, kauli yenye nguvu zaidi ni kwamba ni haramu. Zabibu zenyewe hazina kosa. Kosa linaingia pale unapojua.

Mjomba alikuwa na mteja mmoja, mama wa makamo, mjane. Alikuwa akinunua sukari nguru kwa gunia. Mtu hanunui gunia la sukari nguru kwa uji. Mjomba alijua, na mama alijua kwamba mjomba anajua. Waliendelea hivyo miaka mingi wakiulizana habari za watoto na mvua. Kisha mwaka mmoja khatibu alizungumzia msikitini mambo haya haya ya zabibu. Jumatatu mama alipokuja, mjomba alimwita kando.

"Mama," alimwambia, "hii ya kilo moja au mbili nitakuuzia. Ya gunia siwezi tena."

Mama yule hakupiga kelele. Alimtazama, akasema, "Sawa, Haji. Wewe umepata dini. Mimi nina mtoto shuleni. Mungu wako akuambie karo nitaitoa wapi."

Mtoto huyo namjua. Tulisoma naye shule ya msingi, tulikaa dawati moja. Muhula uliofuata alikaa nyumbani majuma matatu kwa ajili ya karo. Nilipokutana naye njiani aliniamkia vizuri, lakini hakusimama.

Msomaji, sitaki kukudanganya. Niliona mjomba amekosea. Nilimwambia hivyo, kwa adabu. Nilimwambia, "Mjomba, chang'aa bado inapikwa, ila sasa sukari inanunuliwa kwingine. Umebadilisha nini?" Alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Nimebadilisha mkono wangu. Wa mwingine siwezi."

Nimelifikiria jibu hilo zaidi ya mwaka mzima, na leo nasema mjomba alikuwa na haki. Hatuna budi kukumbuka kwamba pombe hizi za gizani zimeua. Mwaka 2000 jijini Nairobi zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa sumu ya methanoli. Mwaka 2014 watu wengi walikufa tena katika kaunti kadhaa, na mwaka 2024 vifo vikatokea Kirinyaga. Siku ya msiba kila mtu huuliza ni nani aliyepika. Nani huuliza aliyeuza malighafi? Hakuna. Anayejiuliza kabla hajaulizwa si mjinga. Ni mtu anayekataa kujificha nyuma ya mwingine.

Lakini haki yake ilikuwa nusu. Alifunga mlango bila kufungua dirisha. Naye mwenyewe alilitambua hilo, kwa sababu baadaye alimwita mama yule akampa unga na mafuta kwa mkopo ili akaange mandazi. Mandazi yaliuzwa kwa majuma machache. Faida ikawa ndogo, mkopo ukamaliziwa kidogo kidogo, na mama akarudi kwenye pipa lake. Ndivyo ilivyokuwa. Sikuja hapa kuwapa hadithi ambayo mwisho wake ni arusi. Haji alipoteza mteja mkubwa, mama alipata kazi ya kutembea mbali zaidi kutafuta sukari nguru, na rafiki yangu alipoteza majuma matatu ya masomo.

Nilipoyasimulia haya katika mjadala wa chama chetu cha Kiswahili, mwenzangu mmoja aliniuliza swali lililonichoma. Alisema, "Huyo mjomba wako, sigara anauza?" Nilijibu, ndiyo, anauza, moja moja kutoka kwenye pakiti. "Na miraa?" Nikasema kwamba kuna kijana anayeuza miraa barazani, na analipa kitu kidogo. Darasa zima lilicheka, nami nikakaa chini kama kuku aliyenyeshewa.

Sina utetezi. Wanazuoni wengi wa leo wanasema sigara ni haramu kwa madhara yake, na wapo wanaoishia kuiita makuruhu. Kuhusu miraa wanatofautiana vile vile. Mjomba anajificha katika tofauti hizo, nami namwambia kwamba aliyeweza kuacha gunia anaweza kuacha pakiti. Ila sikubaliani na wale waliotoa hukumu kwamba, kwa kuwa anauza sigara, basi angeuza na bia tu. Ati mtu akiwa na doa moja kwenye kanzu ajitumbukize matopeni! Aliyeacha moja si mnafiki kwa kuwa hajaacha la pili. Anakuwa mnafiki akisema la pili halipo.

Wala tusidhani jambo hili ni la Waislamu pekee. Marafiki, wale wa Quaker waliofungua misheni yao Kaimosi mwaka 1902, hawanywi pombe. Jeshi la Wokovu vile vile, na Wasabato. Kule kwetu wapo wenye maduka wa makanisa hayo ambao nao walijiwa na ajenti yule yule mwenye daftari. Wengine walikataa kama mjomba, wengine wakakubali. Kwa hivyo mwanafunzi Mkristo anayesoma haya asifikiri ninazungumza juu ya watu wa mbali.

Sasa nafika kwenye shabaha yangu, na shabaha yenyewe ni sisi, wala si Haji.

Nenda Mumias, uliza watu kuhusu mjomba. Watakwambia, "Ah, Haji ni mtu safi! Huyo hawezi kugusa pombe." Padri humsifu. Imamu humsifu. Kina mama humsifu kwamba wanaweza kumtuma mtoto kwake hata usiku, bila wasiwasi wa kusukumwa na mlevi mlangoni. Lakini ikifika saa ya kununua mkate, wanaenda duka la pili, kwa sababu kule kuna taa kubwa, kuna friji ya maziwa baridi, na bei ya sukari imepungua shilingi mbili. Imepungua kwa nini? Kwa sababu bia ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, na sukari inauzwa kama chambo. Waumini wa msikiti wenyewe nimewaona kwa macho yangu, wamevaa kofia zao, wakitoka kule na mifuko. Baba zetu wanataka mwenye duka awe na dini, lakini hawataki dini hiyo iwagharimu shilingi mbili.

Huo ndio unafiki ninaoulilia. Tumemtwika mtu mmoja mzigo wa wengi. Katazo ni la jamii nzima, lakini gharama tumeiacha iwe ya mwenye duka peke yake. Akishindwa akafunga, tutasema biashara ilimshinda. Akishawishika akakata leseni, tutasema imani yake ilikuwa dhaifu. Hakuna atakayesema, "Mimi nilimpita."

Nifanyeje basi, utauliza? Wewe na mimi hatuna mitaji, lakini tuna miguu na midomo. Ukitumwa dukani, nunua kwa yule aliyekataa faida kwa ajili yako. Ukiwa na mzazi katika kamati ya msikiti au ya kanisa, mwambie kwamba sukari ya futari, unga wa harusi na soda za mazishi zinaweza kununuliwa kwa wenye maduka wa namna hii, hata kwa shilingi mbili zaidi. Na zile sadaka zinazokusanywa kila Ijumaa na kila Jumapili, sehemu yake iwe mkopo wa mama anayetaka kuacha kupika chang'aa. Uwe mkopo wa kutosha, si wa majuma machache ya mandazi. Mama yule hakuwa na kiu ya dhambi. Alikuwa na mtoto shuleni. Haji peke yake hangeweza kumbeba, lakini msikiti mzima na kanisa zima wangeweza.

Nao wenye maduka wasikie haya: msijisifu kwa rafu tupu tu. Kukataa kuuza ni mwanzo. Unapomnyima mtu gunia, mjue jina, mjue mtoto wake, uwaite wenzako mkae mzungumze. La sivyo dini yako itakuwa ukuta, na aliye upande wa pili wa ukuta ataiona kama ukuta tu.

Likizo iliyopita nilimkuta mjomba bado yupo. Duka limepungua. Rafu mbili ziko wazi. Ajenti alikuwa amepita tena, mwingine, na daftari jipya. Nilimuuliza mjomba amemjibu nini. Akasema, "Yale yale." Kisha akanituma nikachukue mizani, kwa maana alikuja mtoto kununua robo ya sukari, mtoto wa watu wa mtaa wa juu, ambao hupita maduka manne kabla ya kufika kwetu.

Mimi nimesema yangu. Wewe msomaji, jioni ya leo au likizo ijayo, ukiwa na shilingi zako mkononi mbele ya maduka mawili, utasema yako.